Mtego Ukiondolewa, Kinabaki Nini? Kuipima Gambiti ya Mweusi

Nilifungwa kwa hatua nane. Ilikuwa baada ya alasiri, kwenye baraza moja la Mji Mkongwe, kahawa ya kwanza haijapoa, na aliyenifunga ni mtoto wa kaka yangu, kijana wa kidato cha tatu ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha farasi anavyokwenda. Ubao wetu wa sataranji ni wa kadibodi. Askofu mmoja mweusi alipotea zamani, na mahali pake tumeweka kizibo cha soda. Kizibo hicho ndicho kilichonichimbia kaburi.

"Ami, hii inaitwa Englund," akaniambia huku akizipanga upya kete zake. "Hakuna asiyeanguka."

Pakazuka ubishi. Mzee mmoja, mcheza bao wa siku nyingi, akasema ule ni uhuni, si mchezo. Jirani yake akamjibu kuwa mchezo ni kushinda, na mtoto kashinda, basi. Wakavutana mpaka adhana ya magharibi. Nilipokuwa narudi nyumbani nikaona kwamba wote wawili walikuwa na haki, maana kila mmoja alikuwa akijibu swali lake. Mmoja aliulizwa na moyo wake: je, ufunguzi huu unashinda? Mwengine: je, ufunguzi huu ni madhubuti? Ni maswali mawili mbalimbali, na karibu kila ugomvi ninaousikia kuhusu gambiti za mweusi unatokana na kuyavuruga.

Nitalishughulikia zaidi la pili, kwa sababu ndilo gumu.

Kumpiga mtu mtama

Gambiti ni kutoa kete mwanzoni kabisa mwa mchezo, mara nyingi kitunda kimoja (askari mdogo wa mstari wa mbele), ili upate kitu chengine: muda, njia zilizo wazi, au mfalme wa mwenzako abaki bila stara. Neno limetoka Kitaliano, gambetto, na mzizi wake ni mguu. Padri wa Kihispania, Ruy López, alilitumia katika kitabu chake cha sataranji cha mwaka 1561. Sisi tungesema kumpiga mtu mtama: mwenzako anapita na haraka zake, unamtia mguu, anakwenda chini. Lakini aliyewahi kucheza mieleka ya mchangani pale Forodhani wakati wa maji kupwa anajua upande wa pili wa habari hii. Anayepiga mtama husimama kwa mguu mmoja. Mwenzako asipoanguka, anayeyumba ni wewe.

Mzee wetu wa bao alikuwa na sababu ya kuona jambo hili kwa jicho kali. Kwenye bao kete 64 hazitoki ubaoni hata siku moja. Ukiliwa, kete zako zinasambazwa upande wa mwenzako, na baada ya zamu mbili tatu unaweza kuzila tena. Kwenye sataranji kitunda kilichotoka kimetoka. Unaweza usiuone upungufu wake kwa hatua 30, halafu kete nyengine zikishapungua ubaoni, kile kitunda cha ziada cha mwenzako kinaanza kutembea taratibu kuelekea mstari wa nane, kikageuke malkia. Gambiti ni deni, na deni hili mdai wake hafi.

Kwa mweusi deni lina riba. Mweupe ndiye anayeanza, kwa hiyo kabla mtu hajatoa chochote mweusi yuko nyuma hatua moja. Mweupe akitoa kitunda anakitoa akiwa mbele. Mweusi akitoa anakitoa akiwa nyuma, na ile faida ya muda anayoinunua, sehemu yake inakwenda kuziba pengo alilokuwa nalo tangu mwanzo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni huu. (Kwa asiyezoea: herufi a mpaka h na namba 1 mpaka 8 hutaja miraba ya ubao. Kila zamu huandikwa hatua ya mweupe kwanza, kisha ya mweusi. Hatua isiyotaja kete ni ya kitunda, "ala" ni kula kete ya mwenzako, na cheki ni mfalme kutishwa.) Gambiti ya Mfalme ya mweupe ni 1. e4 e5 2. f4. Ni kongwe, ina mashabiki, na hata hivyo wachezaji wakubwa wa leo hawaiamini sana. Sasa igeuze rangi: 1. e4 e5 2. farasi f3 f5. Hiyo ndiyo Gambiti ya Latvia. Ni ngwara ileile, isipokuwa mweupe tayari ana farasi f3, na farasi huyo anakitazama kitunda cha e5. Anakila, 3. farasi ala e5, na mweusi ambaye hajaingiza mchezoni hata kete moja ya maana inabidi aanze kujieleza. Ikiwa mchezo wenyewe unatia shaka ukiwa mbele hatua moja, utakuwaje ukiwa nyuma?

Waliotutangulia waliacha kipimo cha mkono: hatua tatu za kuingiza jeshi mchezoni zina thamani ya kitunda kimoja hivi. Ni kama kupima unga kwa kikombe cha chai, hakikosei sana wala hakipatii sana. Anza nacho, usiishie hapo.

Englund, kwa ukaribu

Turudi kwenye aibu yangu, maana ndani yake mna somo ambalo hesabu ya vitunda haikuonyeshi.

1. d4 e5 2. d ala e5 farasi c6 3. farasi f3 malkia e7 4. askofu f4 malkia b4, cheki 5. askofu d2 malkia ala b2

Malkia wake amezama ndani ya kambi yangu na anaitolea macho ngome ya a1. Mkono wangu ukaenda wenyewe: 6. askofu c3, namfukuza malkia huku namlinda mtu wangu. Ni hatua ambayo macho yanaipenda. Ndipo kizibo cha soda kilipoteleza mpaka b4. Askofu wangu wa c3 akawa amegandishwa, hawezi kumwacha mfalme. Nikaweka malkia d2, akala c3 kwa kizibo, nikala c3 kwa malkia, na malkia wake akashuka c1. Mfalme wangu hana pa kwenda na hakuna wa kumkinga. Ningalikula c3 kwa farasi, ningalipoteza ngome ya a1 kwa cheki. Mtego mzuri, sikatai.

Sasa tuuondoe mtego. Hatua ya sita, badala ya askofu, weka 6. farasi c3. Mweusi akijibu askofu b4, mweupe anaweka ngome b1, malkia anakimbilia a3, ngome inapanda b3, malkia anarudi a5. Simama hapo uhesabu. Vitunda ni sawa kwa sawa, kwa sababu mweusi alikula b2. Kwa hesabu ya dukani hakuna anayedaiwa! Lakini tazama hatua. Malkia wa mweusi amekwenda e7, b4, b2, a3, a5, hatua tano za kete moja, na mwisho wa safari hana alichokipata ambacho hakikurudishwa. Mweupe kwa muda huohuo ameingiza mchezoni farasi wote wawili, askofu, na hata ngome imeshaingia kazini. Kitunda chake kimekaa e5 kikimziba mweusi pumzi. Ukikirudisha kile kipimo cha hatua tatu kwa kitunda, utaona deni ni kubwa kuliko kitunda kimoja, ingawa ubaoni halionekani.

Jambo la pili ndilo baya zaidi kwa mweusi. Mweupe hahitaji kuujua mtego ndipo auepuke. Hatua ya nne angeweza kuweka farasi c3 tu, akasema bismillahi akaendelea. Mweusi atakirudisha kitunda chake kwa farasi ala e5, mweupe ataweka e4, na atakuwa ametanuka katikati bila taabu yoyote. Njia nzuri za mweupe ni nyingi, na ni hatua ambazo mtu yeyote mwenye akili ya kawaida ya ufunguzi angeziweka. Gambiti ambayo mpinzani anaweza kuishinda kwa bahati, bila kujua kama ameishinda, hiyo ni mbovu. Sina neno laini zaidi.

Budapest ina mtego pia

Wengi wakishasikia hayo hukimbilia upande wa pili na kusema gambiti yenye mtego haifai. Si kweli, na ushahidi wangu ni Budapest.

1. d4 farasi f6 2. c4 e5 3. d ala e5 farasi g4

Ilichezwa katika mji wa Budapest mwaka 1896, na jina likabaki huko. Mweusi ametoa kitunda cha e5, na farasi wake wa g4 anakinyemelea kilichokila. Mweupe anakilinda, tuseme hivi: 4. askofu f4 farasi c6 5. farasi f3 askofu b4, cheki 6. farasi wa b1 d2 malkia e7. Mweupe anaona askofu wa b4 anamkera, anamfukuza kwa 7. a3. Mweusi hamtoi askofu. Anakula: 7... farasi wa g4 ala e5. Mweupe akidanganyika kumla askofu kwa 8. a ala b4, farasi anatua d3 na mfalme amekufa palepale, amezingirwa na watu wake mwenyewe. Kitunda cha e2 kingemla yule farasi, lakini malkia wa e7 amekigandisha.

Mtego mkali kama wa Englund, au zaidi. Lakini fanya lilelile tulilofanya mwanzo: uondoe. Mweupe hali askofu, anabadilishana, 8. farasi ala e5 farasi ala e5 9. e3 askofu ala d2, cheki 10. malkia ala d2. Kitunda kimerudi. Jeshi la mweusi limetoka, mfalme wake anapata stara upesi. Mweupe ana maaskofu wawili dhidi ya askofu na farasi, na ana nafasi kidogo zaidi. Hiyo ni faida, lakini ni ile faida ndogo ambayo mweupe huwa nayo karibu katika kila ufunguzi unaoheshimika.

Nakuomba uikodolee macho ile hatua ya saba ya mweusi. Farasi alipokula e5 alikuwa anarudisha deni. Mtego ulikuwa umepanda juu ya mgongo wa hatua nzuri. Mwenzako akiuona, hujapoteza kitu, maana hatua ile ungeiweka hata kama mtego usingekuwepo. Kwenye Englund malkia alikwenda b4 na b2 kwa ajili ya mtego, na mtego ukikosa, safari yote imekuwa hasara.

Mweupe anaweza kushikilia kitunda akitaka: hatua ya sita aweke farasi wa b1 c3, mweusi amle kwa askofu kwa cheki, mweupe ale kwa kitunda cha b, mweusi aweke malkia e7, mweupe aweke malkia wake d5, na mweusi aingie na f6. Mweupe atabaki na kitunda kimoja zaidi na vitunda viwili vimepandana kwenye mstari wa c kama daladala mbili zinazogombania kituo kimoja. Watu wazima wamebishana miaka mingi kuhusu nafasi ile. Ubishi wenyewe ni dalili njema. Kwenye gambiti mbovu hakuna wa kubishana naye.

Malipo yanayoyeyuka na yasiyoyeyuka

Budapest hukopa na kulipa haraka. Kuna gambiti ambazo hazilipi kabisa, na bado zinasimama. Kwangu mimi hapa ndipo patamu, na ndipo wengi wanapopotea.

1. d4 farasi f6 2. c4 c5 3. d5 b5

Hii inaitwa Benko, kwa jina la Pal Benko, Mhangaria aliyehamia Marekani. Warusi huiita Volga. Mweupe anakula b5, mweusi anaweka a6, mweupe anakula tena, na askofu wa mweusi anakula a6. Kitunda kimoja kimekwenda, na hakuna tishio la kesho asubuhi. Hakuna cheki, hakuna malkia anayeruka. Mgeni akitazama atasema mweusi kalala.

Lakini mistari ya a na b iko wazi, na mweusi ataiweka ngome moja huku na nyengine kule. Askofu wake wa pili atakaa g7 akiipiga mshazari mrefu mpaka b2. Vitunda vya mweupe vya a2 na b2 vinakuwa kama nyumba mbili za pwani upepo wa kusi ukivuma, kila siku zinahitaji kuangaliwa. Na mara nyingi mweupe akiweka e4, askofu wa a6 anabadilishana na mwenzake wa f1, mfalme mweupe analazimika kumla yeye mwenyewe, na hapo haki ya kujificha kwa ngome imepotea. Itambidi atembee kwa miguu kwenda g2.

Kinachoitofautisha Benko na nyengine ni hiki: badilishana malkia, shinikizo linabaki. Gambiti nyingi hufa malkia wakitoka, kwa sababu malipo yake yalikuwa ni vitisho, na vitisho vinahitaji malkia. Malipo ya Benko ni mistari iliyo wazi na vitunda dhaifu, vitu ambavyo haviondoki ubaoni. Mweusi huingia mwisho wa mchezo akiwa na kitunda pungufu na bado yeye ndiye anayesukuma. Kwa hiyo unapoipima gambiti yoyote, jiulize malipo yako ni ya aina gani. Mpe mwenzako hatua tatu za utulivu, fikiria malkia wametoka, halafu tazama kama bado una kitu mkononi. Barafu ya mtaani na mnazi ni mali zote mbili, ila moja iuze kabla ya adhuhuri.

Sitaki kuipamba kupita kiasi. Programu za kompyuta za siku hizi zinampa mweupe zaidi kuliko vitabu vya zamani vilivyompa, na wakubwa wa dunia hawaichezi mara nyingi. Lakini kutoka hapo mpaka kusema ni mbovu pana bahari.

Hatua moja inaweza kubadilisha hukumu

Mwaka 1918, mjini New York, Mmarekani Frank Marshall alimtolea José Raúl Capablanca wa Cuba kitunda katika ufunguzi wa Kihispania. Capablanca, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa dunia, alikila, akavumilia mashambulizi, akashinda. Inasimuliwa kwamba Marshall alikuwa ameificha silaha ile miaka mingi akimngoja yeye. Wanahistoria wameitilia shaka hadithi hiyo, lakini barazani hadithi nzuri haikatazwi.

Ungeutazama mchezo ule mmoja ungetoa hukumu: gambiti imekufa siku ilipozaliwa. Haikufa. Baada ya mweupe kula e5 kwa ngome hatua ya 11, Marshall alirudisha farasi wake f6. Baadaye ikapatikana hatua ya kimya zaidi, c6, kumlinda farasi alipo d5 na kuacha maaskofu na malkia wakusanyike upande wa mfalme: askofu d6, malkia h4, mweupe g3, malkia h3. Kwa hatua hiyo moja gambiti ile ikageuka kuwa miongoni mwa silaha madhubuti kabisa za mweusi. Leo wachezaji wengi wakubwa wenye kete nyeupe hawataki hata kuiona, wanaikwepa mapema kwa a4 au h3 kwenye hatua ya nane.

Kwa hiyo usiihukumu gambiti kwa mchezo mmoja, hata ukiwa wa bingwa. Unaihukumu kwa hatua bora ya mweusi dhidi ya hatua bora ya mweupe, na hizo hugunduliwa polepole.

Nyengine nizipitie mbiombio. Albin, 1. d4 d5 2. c4 e5, humpa mweusi kitunda kilichochomekwa d4 kama kabari. Mweupe akijua kuweka farasi f3 na g3 huwa na raha zaidi, ila Alexander Morozevich aliicheza mbele ya wakubwa wenzake na hakuchekwa. Stafford, 1. e4 e5 2. farasi f3 farasi f6 3. farasi ala e5 farasi c6, vijana wengi wameijua kupitia video za Mmarekani Eric Rosen. Ina mitego kama chaza wa Pemba, kila ukigeuza jiwe. Mweupe akibadilishana farasi, akiweka d3, halafu askofu g5, mweusi anamtoa malkia wake sadaka na kuua kwa askofu f2 na askofu g4. Akiweka askofu e2 badala yake na kufuatisha c3, sherehe imekwisha na mweusi ana kitunda pungufu bila maelezo.

Kuisoma kompyuta bila kudanganywa nayo

Siku hizi mtu atakuambia: kwa nini tusumbuke, si tuiulize Stockfish? Iulize. Ni programu ya bure, inakaa kwenye simu, na inacheza vizuri kuliko binadamu yeyote aliye hai. Lakini ijue lugha yake. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, namba zake zimesawazishwa ili +1.00 iwe na maana kwamba mweupe ana nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, programu ikicheza na nafsi yake. Si kipimo cha mimi na wewe tukicheza kwa dakika tano huku muuza kahawa anagonga vikombe vyake.

Halafu usitazame namba peke yake. Agiza ikuonyeshe njia tatu au nne bora za mweupe badala ya moja. Ukikuta zote nne zinampa mweupe faida kubwa, barabara yake ni pana na gambiti yako haina msaada. Ukikuta moja tu inampa faida na tatu zilizobaki zinasawazisha au kumuumiza, basi mweupe anatembea juu ya ukuta mwembamba. Gambiti ya namna hiyo inaweza kuwa si madhubuti kwa kipimo cha programu na bado ikawa mzigo mzito kwa binadamu aliyekaa mbele yako.

Takwimu za michezo iliyochezwa nazo zina ujanja wake. Kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, unaweza kuona kila ufunguzi umeshinda mara ngapi, na unaweza kuchuja kwa viwango vya wachezaji. Fanya hivyo, panda ngazi kwa ngazi. Ushindi wa mweusi ukishuka kila kiwango kinapopanda, ulichokuwa unapima ni ujinga wa wapinzani. Ukibaki palepale, pana kitu. Na kumbuka kuwa mara nyingi gambiti huchezwa na mjuzi dhidi ya asiyejua, kwa hiyo asilimia nzuri huenda ikawa sifa ya mchezaji.

Liko jambo moja ambalo hakuna programu inayokuambia: je, utapewa nafasi ya kuicheza? Benko inahitaji mweupe aweke c4. Barazani kwetu nusu ya watu wakishaweka d4 hutoa askofu f4, na masomo yako yote ya mistari ya a na b yanabaki kwenye daftari. Gambiti ile ya Marshall inahitaji mweupe akufuate hatua nane kamili. Gambiti madhubuti unayoipata mara moja kwa mwezi inaweza kukufaa kidogo kuliko ufunguzi wa kawaida unaoupata kila jioni. Englund, kwa ubaya wake wote, ina fadhila hii: mweupe akiweka d4 tu, umeshafika. Ndiyo maana vijana wanaipenda.

Ijumaa iliyofuata nilikaa na kijana wangu tena, safari hii nimejiandaa. Nikaweka d4. Akaweka e5 huku akijizuia kucheka. Malkia wake akaja b4, akala b2, na mimi nikamshika farasi wa b1 nikamweka c3 taratibu, nikiwa namtazama usoni. Kicheko kikakatika. Akafikiri muda mrefu, mpaka mzee wa bao akaacha dhumna aliyokuwa akiitazama na kusogea karibu. Malkia akakimbia a3, akarudi a5. Nilikuwa na kila kitu: farasi wawili, ngome, nafasi, wakati.

Kwenye hatua ya 31 nikaiacha ngome yangu bila mlinzi, na kizibo cha soda kikaila.

"Ami," akasema, akimpungia mkono muuza kahawa, "leo unalipa wewe."